Wema Uliozaliwa na Husuda

Mtu akikutendea wema, nawe ukajua ya kuwa hakuutenda kwa kukupenda bali kwa kumkomoa jirani yake, je, huo ni wema? Swali hili si geni kwa mtu ye yote aliyepata kuishi na watu. Mwanafunzi hukutana nalo darasani aazimwapo kitabu na mwenziwe ambaye shabaha yake ni kumnyima mwanafunzi wa tatu. Mama hukutana nalo sokoni apunguziwapo bei na mchuuzi anayetaka kumharibia mchuuzi wa meza ya pili. Katika mambo madogo kama haya watu hupokea, wakashukuru, wakaenda zao. Lakini swali hilo likitolewa sokoni likawekwa baina ya dola na dola, na ndani yake pakawa na roho ya mtu, halipitiki tena kwa wepesi huo. Nataka tulipime kwa kisa kilichotokea Unguja mwaka wa 1896, kwa kuwa ni vigumu kupata kisa kingine cha pwani hii ambamo wema na husuda vilifungwa pamoja kwa fundo gumu kama hilo.

Yafaa kwanza kukumbuka hali ya pwani ilivyokuwa. Mwaka wa 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya, zikaikata nchi yetu kwa mstari uliotoka mlango wa mto Umba, ukapita kaskazini ya Kilimanjaro, ukaishia ziwani Viktoria. Sultani wa Unguja aliachiwa visiwa vyake na utepe wa pwani wenye upana wa maili 10. Mwaka wa 1890 zikapatana mara ya pili. Uingereza ikachukua ulinzi wa Unguja na Pemba. Ujerumani ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo katika Bahari ya Kaskazini, nayo ikamlipa Sultani mark milioni 4 kwa pwani ya upande wake. Tokea hapo majirani wawili wakawa wanatazamana ng'ambo ya mkondo wa bahari: Mwingereza Unguja, na Mdachi, kama wazee wa pwani walivyomwita Mjerumani, Dar es Salaam. Mapatano yalikomesha kugawana lakini hayakukomesha kuoneana wivu. Mwezi wa Januari 1896 Kaisari Wilhelm wa Pili alimpelekea simu ya pongezi Paul Kruger, Rais wa Transvaal, kwa kuwashinda wavamizi walioongozwa na Jameson, na simu hiyo ikawaudhi Waingereza kupita kiasi. Basi mwaka huo ulianza na moyo mbaya, na kila jambo dogo lililotukia baina ya dola hizo mbili lilitazamwa kwa jicho la kutafuta ubaya.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Unguja, alifariki ghafula. Jua halijatua, binamu yake, Sayyid Khalid bin Barghash, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alikuwa amekwisha ingia katika jumba la kifalme na kutangazwa Sultani. Waingereza walikuwa na mkataba kwamba hapana mtu atakayekaa kitini bila ya ridhaa yao. Khalid aliujua mkataba huo vizuri sana, maana alikuwa amekwisha jaribu jambo lile lile mwaka wa 1893, akaonywa, akatoka. Safari hii hakutoka. Alikusanya watu wapatao 2,800, wengi wao raia na watumishi wasio na mafunzo ya vita, akawaweka ndani ya jumba na mbele yake. Baharini palikuwa na manowari 5 za Kiingereza chini ya Admirali Harry Rawson. Onyo la mwisho lilikwisha saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza, na kabla ya kutimia saa tatu na robo tatu ilikwisha nyamaza. Jumba lilikuwa likiwaka moto, merikebu ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilikuwa imezamishwa, na watu wapatao 500 wa upande wa Khalid walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Kwa upande wa Waingereza aliumia vibaya baharia mmoja.

Watu hupenda kukitaja kisa hiki kuwa ni vita vifupi kuliko vyote vilivyopata kupiganwa duniani, nao hukitaja kwa kicheko. Mimi sioni kinachochekesha. Ufupi wa mauaji si sifa yake. Lakini si vita ninavyotaka kuvisema hapa. Nataka kusema yaliyofuata, ambayo wasimulizi wengi huyapita mbio.

Khalid hakufa wala hakukamatwa. Katikati ya moshi na kelele alikimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani pamoja na wafuasi wapatao 40, na mlango ukafungwa nyuma yao. Waingereza walitaka watolewe. Balozi akakataa, akisema kuwa mkataba wa kurudishiana wahalifu baina ya nchi hizo mbili haukuwahusu watu walioshitakiwa kwa mambo ya siasa. Mabaharia 10 wa Kijerumani wakawekwa kulinda ndani. Nje, Jenerali Lloyd Mathews, waziri wa kwanza wa serikali ya Unguja, akaweka askari wake, wamkamate Khalid mara tu atakapotia mguu nje ya kizingiti. Hali ikawa hivyo kwa zaidi ya mwezi mmoja. Jua lilichomoza na kuchwa juu ya nyumba ile ile moja, huku serikali mbili kubwa za dunia zikibishana juu ya kijana mmoja asiye na kiti wala jeshi.

Tarehe 2 Oktoba manowari ya Kijerumani iitwayo Seeadler ilitia nanga bandarini. Maji yalipojaa, mashua yake ikasogea mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, na Khalid akavuka kutoka bustanini hata mashuani bila ya kukanyaga udongo wa Unguja. Askari wa nje walibaki wakitazama. Mashua ikarudi kwa manowari, na manowari ikampeleka Dar es Salaam.

Fikiri kidogo, msomaji, juu ya hatua ile moja. Kama maji yangalikuwa yamepwa, Khalid angalilazimika kutembea juu ya mchanga, na mchanga ule ulikuwa wa Unguja, angalishikwa. Kwa kuwa maji yalijaa, alikuwa huru. Mtu mwenye kupenda dhihaka anaweza kusema kuwa huu ni mchezo wa watoto wachorao mistari mchangani na kusema, ukikanyaga umekufa. Ni kweli kwamba unafanana na mchezo. Lakini michezo ya namna hii imeokoa roho nyingi za watu. Mwenye nguvu akikubali kuwa kuna mstari, hata mstari wa kijinga, asiouvuka ijapokuwa bunduki iko mkononi mwake, basi mnyonge amepata mahali pa kuvutia pumzi.

Sasa turudi kwa swali letu. Je, Wajerumani walitenda wema?

Ukitazama mkono uliofungua mlango, utaona mambo yasiyopendeza. Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilijipanga mbele ya jumba la Sayyid Barghash, baba yake Khalid, na kumwelekezea mizinga mpaka akakubali kuwaachia nchi walizokuwa wamezitwaa bara. Katika merikebu za msafara ule alikuwamo Salme binti Said, dada yake Barghash, aliyeolewa na mfanya biashara wa Hamburg na kubaki mjane huko. Serikali ya Bismarck ilimleta Unguja ikijifanya kuwa inamtafutia urithi wake. Barghash alipokubali matakwa yao makubwa, urithi wa Salme ukasahauliwa, naye akarudishwa Ulaya mikono mitupu. Mwezi wa Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga Abushiri huko Pangani. Mwaka wa 1895 wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya huko Kilwa. Hawa wawili walikuwa wamefanya nini? Walikuwa wamesimama na watu wao kuikataa serikali ya kigeni, jambo lile lile alilolifanya Khalid. Tofauti ilikuwa moja tu: wao walimkataa Mdachi, naye Khalid alimkataa Mwingereza.

Wala Khalid hakuwa wa kwanza kupokewa. Mwaka ule ule, mwezi wa Aprili, Mbaruk bin Rashid wa Gasi, mzee wa Kimazrui aliyewapiga Waingereza katika pwani ya Kenya baada ya ugomvi wa urithi wa Takaungu, alivuka mpaka na wafuasi wake wengi na kujitia mikononi mwa Wajerumani. Rawson yule yule aliyeipiga Unguja alikuwa ameuteka mji wake wa Mweli mwezi wa Agosti 1895. Wajerumani walimpokea Mbaruk, naye akaishi upande wao mpaka alipofariki mwaka wa 1910. Wazee husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa wawili walikaa miaka mingi, kwa kuwa kukaa kwao tu, mbele ya macho ya Mwingereza, kulikuwa ni kazi tosha.

Basi mtu wa kwanza atasimama na kusema: huo si wema hata kidogo. Tendo hupimwa kwa nia, na nia hapa ilikuwa kumchoma jirani. Khalid alikuwa kijiti tu cha kuchokolea jino la Mwingereza. Atasimama mtu wa pili na kujibu: mfa maji haulizi kamba imesokotwa na nani. Khalid alikuwa katika hatari, akaokolewa. Hayo mengine ni maneno.

Nadhani wote wawili wana haki, na wote wawili wamekosea, kwa sababu kila mmoja anajibu swali lake peke yake. Tunapouliza kama mtendaji anastahili sifa, nia ndiyo hakimu, na kwa hukumu hiyo serikali ya Ujerumani haikustahili shada la maua. Tunapouliza kama tendo lenyewe lilikuwa jema, hakimu ni yule aliyetendewa na hali aliyokuwamo. Kufungua mlango kwa mtu anayekimbia mizinga ni jambo jema. Linabaki kuwa jema hata likitendwa na mtu mbaya, kama maji yanavyobaki kuwa maji hata yakitekwa na mwizi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni, husema wazee. Na methali hiyo haiwafai wanyonge peke yao. Huna ruhusa ya kuuita usiku mchana kwa sababu tu aliyekutangulia kuuita usiku ni adui yako.

Yafaa tuwapime kwa haki hata Waingereza, maana wanafunzi wa historia mara nyingi huwapa jina la mwizi katika kisa hiki wakawaacha hapo. Hofu yao haikuwa ya kipumbavu. Dar es Salaam ilikuwa safari fupi ya jahazi kutoka Unguja. Mtu aliyejaribu kiti mara mbili anaweza kujaribu mara ya tatu, na akiwa chini ya ulinzi wa dola jirani anaweza kupewa fedha, bunduki na barua za kutia fitina. Serikali yo yote iliyo jirani na mkimbizi wake wa siasa huogopa hivyo, iwe ya wakoloni au ya wananchi. Kosa la Waingereza, kwa maoni yangu, halikuwa katika kuogopa. Lilikuwa katika kudhani kuwa hofu yao inatosha kuwa hoja kwa kila mtu.

Lakini kuna jambo moja ambalo mtu wa pili, yule wa kamba na mfa maji, amelisahau, nalo ndilo zito. Nia ya mtendaji haibadilishi wema wa jana, lakini ndiyo inayotuambia kama kesho utakuwapo. Wema uliozaliwa na husuda huishi maadamu husuda inaishi. Hebu tuondoke kidogo pwani hii twende kusini magharibi ya Afrika, kwa kuwa dola hizo hizo mbili zilikuwa majirani huko pia, na huko mambo yalionekana waziwazi kama mtu anayetazama kioo.

Tarehe 2 Oktoba 1904, miaka minane kamili tangu Khalid apandishwe mashuani, jenerali wa Kijerumani Lothar von Trotha alitoa amri kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya nchi ya Wajerumani, mwenye bunduki na asiye na bunduki, apigwe risasi. Maelfu walisukumwa jangwani wakafa kwa kiu. Mkuu wao, Samuel Maharero, alivuka jangwa la Kalahari na mabaki ya watu wake, akafika katika nchi ya Bechuanaland, ambayo leo ni Botswana, nao Waingereza wakampa hifadhi. Tazama jinsi mizani ilivyopinduka. Waliokuwa wakidai mkimbizi Unguja sasa wanampokea mkimbizi. Waliokuwa wakimlinda mkimbizi sasa wanamfukuza. Bendera ni zile zile mbili. Kilichobadilika ni jibu la swali moja tu: huyu ni adui wa nani?

Kisha ukaja mwaka wa 1907. Jakob Marengo, kiongozi shujaa wa vita vya Wanama, alikuwa amekimbilia upande wa Waingereza katika nchi ya Cape. Lakini wakati huo ilionekana faida kwa pande zote mbili kuwa mpaka utulie. Mtu kama Marengo aliwatia hofu wenye mashamba wa Kizungu wa kila upande. Basi ugomvi wa majirani ukalala, na ulipolala, mlango ukafungwa. Polisi wa Cape walimfuatia jangwani kwa kupatana na Wajerumani, wakamwua tarehe 20 Septemba 1907. Hapo mkimbizi hakuwa na wa kumkimbilia, kwa kuwa mkono wa mbele na mkono wa nyuma ulikuwa umekuwa mmoja. Tumezoea kusema kuwa wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Ni kweli tupu. Lakini kifo cha Marengo chatuambia tuongeze neno: tembo wakipatana, nyasi huliwa bila hata kelele.

Kwa sababu hii mimi sitafuti tena moyo mwema ndani ya ubalozi wa Unguja. Natafuta kitu kingine, na nakiona katika jibu la balozi. Hakusema kuwa anampenda Khalid. Hakusema kuwa Khalid ana haki ya kiti. Alisema kuwa mkataba hauruhusu. Neno hilo ni baridi, ni neno la makarani. Lakini lilikuwa na nguvu ambayo huruma isingekuwa nayo, kwa kuwa Mwingereza mwenyewe alikuwa ametia sahihi. Huruma ya Mdachi angeweza kuicheka. Sahihi yake mwenyewe hakuweza. Husuda ndiyo iliyompa balozi hamu ya kuutumia mkataba. Mkataba ndio uliompa mahali pa kusimama. Na kati ya hivyo viwili, husuda huja na kupita kama pepo za msimu, lakini kanuni yaweza kubaki imeandikwa na kumfaa mtu mwingine, siku nyingine, asiye na dola ya kumtaka.

Huenda msomaji akaniuliza: na Khalid mwenyewe je? Alistahili? Hakuwa mtu asiye na lawama. Alishika kiti kwa nguvu. Aliwaweka watu wasiojua vita mbele ya mizinga ya manowari, akijua kuwa muda wa onyo unakwisha. Wengi waliomfuata walikuwa wakitumaini kuwa chini yake utumwa utaendelea. Na kwa kweli Sayyid Hamoud bin Mohammed, aliyewekwa na Waingereza siku ile ile ya vita, ndiye aliyetia sahihi mwaka wa 1897 amri ya kuivunja hali ya utumwa Unguja na Pemba. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo sidhani yanaugusa mlango. Hifadhi si hukumu ya kumwachilia mtu, wala si cheti cha tabia njema. Ni kumwondoa mtu mbele ya hasira mpaka hasira ipoe. Kama tungalisema kwamba mlango ufunguliwe kwa mwenye haki peke yake, tungalihitaji kumhukumu kila mkimbizi kizingitini, huku wanaomfukuza wakiwa hatua kumi nyuma yake. Na hapana kesi ya haki iliyopata kusikilizwa mahali kama hapo.

Jambo linalonichoma zaidi ni jingine. Khalid alikuwa na mlango. Wale 500 hawakuwa nao. Mtumishi aliyebeba maji jumbani, askari wa ulinzi, kijana wa mtaani aliyeingia kwa ushabiki, hawa mashua ya Seeadler haikuwajia. Dola hushindana juu ya mtu mwenye jina, kwa kuwa mwenye jina ni sarafu, naye asiye na jina hanunui kitu. Baada ya vita wafuasi wa Khalid walitozwa fidia, ikiwamo gharama ya makombora waliyopigwa nayo, na uharibifu wa uporaji uliofuata ukahesabiwa kufika rupia 300,000. Soma tena, msomaji. Walipigwa, kisha wakaletewa hesabu ya baruti. Hapakuwa na balozi wa nchi yo yote aliyeona faida kuwatetea, na kwa hiyo hapana dola iliyogombana na dola nyingine kwa ajili yao.

Ilichukua miaka mingi kabla ya mataifa kujaribu kuiokoa hifadhi kutoka katika mkono wa husuda. Mwaka wa 1951 huko Geneva ukafanywa mkataba wa wakimbizi wa dunia. Mwaka wa 1969, nchi za Afrika zilizokuwa zimepata uhuru zilikutana Addis Ababa na kufanya mkataba wao wenyewe, na ndani yake mna kifungu ambacho, nikikisoma, hunirudisha moja kwa moja kwenye lango la bustani ile ya Unguja. Kinasema kwa maana kwamba kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi yo yote isilihesabu kuwa ni tendo la uadui. Viongozi walioandika hivyo waliyajua vizuri mambo ya majirani. Wengi wao walikuwa wamepata kuwa wakimbizi wa siasa, au walikuwa na wakimbizi wa jirani nyumbani mwao. Walitaka mlango uweze kufunguliwa pasipo mwenye nyumba kuwa na hamu ya kumwudhi mtu, na pasipo jirani kuudhika.

Kuandika si kutenda. Kenya imekaa na wakimbizi wa Dadaab tangu mwaka wa 1991 na wa Kakuma tangu 1992, na katika miaka hiyo wamepata kusikia maneno ya kukaribishwa na maneno ya kutaka warudi kwao, kwa kadiri ya hali ya usalama na ya siasa. Mwenye kukaa katika kambi hizo anajua, kuliko mwandishi ye yote wa insha, tofauti ya kulindwa na kanuni na kulindwa na moyo wa mtu unaogeuka. Anajua pia kwamba kanuni isiyo na moyo wo wote nyuma yake huwa karatasi. Mimi siwezi kuchagua moja nikaiacha ya pili. Nasema tu kwamba, nikiwa ndiye ninayekimbia, ningependa kwanza kuuliza mkataba unasemaje, ndipo niulize kama mwenye nyumba ananipenda.

Khalid aliishi Dar es Salaam kwa miaka karibu ishirini. Hakurudi Unguja kutwaa kiti, wala Wajerumani hawakupata kwake faida kubwa waliyoitumaini, ila ile ya kumwona Mwingereza akinuna. Kisha vita vikuu vya kwanza vikafika Afrika Mashariki. Mwezi wa Septemba 1916 Dar es Salaam ikatekwa, na katika vita hivyo Waingereza wakamtia mkononi mtu waliyemkosa kwenye lango la bustani. Hapakuwa na maji ya kujaa wala mashua safari hii. Dola iliyomlinda ilikuwa inakimbia yenyewe. Wakampeleka uhamishoni katika visiwa vya Shelisheli na Mtakatifu Helena, na baadaye wakamruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka wa 1927. Mombasa ilikuwa ndani ya ule utepe wa maili 10, na juu ya Ngome bendera nyekundu ya Sultani wa Unguja ilikuwa ikipepea. Sultani wakati huo alikuwa Sayyid Khalifa bin Harub, aliyekuwa kitini tangu mwaka wa 1911 kwa ridhaa ya Waingereza.